Mwandiko si wake, sahihi ni yake

Umeuliza kwa nini barua ya 1779 ya George Washington, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, ina mwandiko tofauti na sahihi. Usiikatae kwa hilo tu. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani barua zake nyingi ziliandikwa na wasaidizi, akina Alexander Hamilton na Tench Tilghman, yeye akatia sahihi. Tundu la pembeni nalo lisikutishe: badala ya bahasha, karatasi ilikunjwa na kufungwa kwa lakiri, na lakiri ikibanduliwa huondoka na kipande. Imulike kwa nyuma. Karatasi ya wakati ule kwa kawaida huonyesha mistari myembamba ya waya. Wino wa wakati ule hugeuka kahawia na kuila karatasi, kwa hiyo laminesheni usithubutu! Maneno yake yalinganishe bure kwenye Founders Online, tovuti yenye maandishi ya waasisi wa Marekani.