Alifunga kizazi, au alifungwa?

Swali: Ninapoandika kuhusu ongezeko la watu duniani, je, "mlipuko wa idadi ya watu" ni sahihi? Na yujeniki niiite "uboreshaji wa kizazi"?

Jibu: "Mlipuko" umeshazoeleka, sitagombana nao. Ila kasi ya ongezeko ilifikia kilele miaka ya 1960, ilipopita kidogo asilimia 2 kwa mwaka. Leo haifiki hata 1. "Ongezeko" linatosha.

"Uboreshaji wa kizazi" siukubali kabisa. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliunda jina yujeniki mwaka 1883 kutokana na Kigiriki, kwa maana ya kuzaliwa vema. Alijisifia kazi yake mwenyewe. Kwa nini nasi tumsifie? Andika yujeniki, kisha ueleze: ni watu wachache kuamua nani azae na nani asizae.

Lakini kinachonikera kuliko yote katika mada hii ni "alifunga kizazi" kuandikwa juu ya mtu aliyefungwa. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 8 dhidi ya 1, kwamba jimbo la Virginia lingeweza kumfunga kizazi Carrie Buck kwa madai kwamba ana upungufu wa akili. Ukiandika "Carrie Buck alifunga kizazi," umemgeuza mtendaji wa jambo alilotendewa. Anayefunga ni yule aliyeridhika na watoto alio nao, akaenda hospitali kwa hiari yake. Buck alifungwa. Herufi moja tu, -w-, na mwandishi anaiacha! Tena kutendwa kunadai mtendaji atajwe: alifungwa kizazi na jimbo la Virginia. "Watu wapatao 400,000 walifungwa kizazi Ujerumani" ni sentensi pungufu. Na nani? Na utawala wa Hitler, kwa sheria ya 1933, kwa mikono ya madaktari.

Wapo wanaotetea ufungaji huo wa lazima kwamba ardhi na maji vina mipaka. Ni kweli vinayo. Mwanauchumi Mwingereza Thomas Malthus aliandika juu ya mipaka ya aina hiyo mwaka 1798, na alichohimiza ni watu kuchelewa kuoa, si kupasuliwa kwa amri.

Penye utata ni Uswidi, ambako kati ya 1934 na 1976 zaidi ya watu 60,000 walifanyiwa upasuaji huo. Baadhi yao walitia saini, kwa kuwa bila saini wasingeruhusiwa kutoka katika taasisi walimowekwa. Hao usiseme "walifunga" kwa sababu tu karatasi ipo. Andika: walishurutishwa kufunga.