Maswali yenu kuhusu Uganda ya Idi Amin

Tangu tuzungumzie Vita vya Kagera, vita vya Tanzania na Uganda vya 1978–79, barua nyingi zinazokuja haziulizi habari za vita. Zinauliza yaliyowapata Waganda kabla wanajeshi wetu wa Tanzania hawajaingia Kampala Aprili 1979. Leo nachukua sita.

Amin alikamata watu kwa sheria gani, au alijiamulia tu? (Bukoba)

Yote mawili. Rais Milton Obote alipopinduliwa na Amin Januari 25, 1971, askari alisoma redioni sababu 18 za mapinduzi. Ya kwanza: Obote anaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani! Wafungwa wa kisiasa wakaachiwa, Kampala ikashangilia. Mwaka huohuo ikatoka amri ya kumruhusu askari kumkamata raia bila hati. Mwaka 1972 ikafuata nyingine ya kuikinga serikali na watu wake wasishtakiwe kwa waliyofanya kwa jina la usalama, na 1973 raia wakaanza kupelekwa kwenye mahakama za kijeshi. Ndiyo maana huwa sikubali mtu akiniambia Amin alikuwa mwehu tu. Amri hizo zina vifungu na tarehe. Kuna wanasheria walikaa mezani wakaziandika.

Ni kweli hata Jaji Mkuu aliuawa? (Morogoro)

Kweli. Benedicto Kiwanuka alikuwa miongoni mwa waliofungwa na Obote. Amin ndiye aliyemtoa gerezani na kumpa ujaji mkuu. Septemba 1972 Kiwanuka akaamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa akishikiliwa na jeshi aachiwe, kwani wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumshika. Tarehe 21 mwezi huohuo watu wenye silaha walimfuata Mahakama Kuu, wakamtoa ofisini na kumtia garini. Hakuonekana tena. Serikali ikasema waliomteka ni waasi wa Obote.

Walikuwa na jibu tayari kila mara. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana alipokufa Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili, tangazo lilisema ni ajali ya gari. Jeneza likapelekwa kwao Mucwini, kaskazini, lizikwe haraka. Ndugu wakalifungua, wakaona matundu ya risasi.

Kwa nini mnasema watu "walipotea"? Semeni waliuawa. (Arusha)

Wengi waliuawa, hilo halina ubishi. Lakini kupotea kulikuwa na mateso yake, na hapa nitakaa kidogo. Waliokuja walikuwa watu wa State Research, idara ya ujasusi yenye makao Nakasero, au wa kikosi cha polisi cha Naguru. Walivaa kiraia, mashati ya maua na miwani myeusi, na magari yao yalijulikana kwa namba zilizoanza na UVS. Mtu akitiwa kwenye buti mchana kweupe, mtaa mzima ulijitia haujaona.

Baada ya hapo mke alizunguka. Kambini aliambiwa hayupo, polisi wakamwambia hawajamshika. Wapo askari waliochukua pesa za familia kwa ahadi ya kuonyesha maiti ilipo. Na bila maiti hakuna mazishi wala cheti cha kifo. Mjane hagusi akiba ya mumewe benki, na nyumba haina mwenyewe. Watu wa hali hiyo wakawa wengi kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ileile ilitunga sheria ya kusimamia mali za watu waliopotea. Mimi sijui hati inayowashtaki zaidi ya hiyo, na waliitia saini wenyewe.

Nimesikia Amin aliunda tume kuchunguza mauaji yake mwenyewe. Ni utani? (Dodoma)

Si utani. Dunia ilipozidi kupiga kelele, mwaka 1974 aliunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied. Mashahidi walijitokeza, jambo lililotaka moyo wa chuma, na tume ikaandika habari za watu 308 waliopotea. Iliwataja wazi State Research na kikosi cha Naguru. Ripoti haikuchapishwa.

Waliokufa ni wangapi hasa? (Tanga)

Makadirio yanaanzia 80,000, mengi yanataja 300,000, na wapo wanaofika 500,000. Hakuna orodha.

Mke wangu ni wa Kampala. Bibi yake nikimsalimia kwa Kiswahili hunyamaza. Nimemkosea nini? (Mombasa)

Hujamkosea kitu, mwanangu. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi Uganda tangu enzi za Mwingereza. Bibi huyo hakukisikia kwenye taarabu. Alikisikia kwenye kizuizi cha barabarani, usiku, kwa mtu aliyeshika bunduki. Na Amin alipoondoka hayakuisha: miaka ya Obote ya pili, aliporudi madarakani 1980 hadi 1985, vijana walizolewa mitaani kwa misako iliyoitwa "panda gari", kwa Kiswahili hichohicho. Jifunze salamu za Kiganda. Usianze kumweleza uzuri wa lugha yetu.

Na wale mlioniuliza kama Amin alishtakiwa: hapana. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia hospitalini Jeddah Agosti 2003. Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa 1986 kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu Uganda, ilisikiliza waathirika kwa miaka na kutoa ripoti yake 1994. Obote naye alifariki 2005 akiwa uhamishoni, bila kusimama kizimbani.