Mnaoanza kazi kitengo cha CSR (uwajibikaji wa kampuni kwa jamii), anzeni na walio ndani ya geti

Wadogo zangu, bosi atawauliza kama picha zimetoka gazetini na kama bajeti imetosha. Swali ambalo huenda asiulize ndilo la kwenu: wafanyakazi wetu wenyewe wameguswa vipi?

Mwaka 1990 mtafiti William Kahn wa Marekani alieleza kwamba mtu hujitoa kazini kwa moyo akiona kazi ina maana, akijisikia salama, na akiwa na nguvu ya kuifanya. Misaada kwa jamii hugusa zaidi hilo la kwanza, ila mfanyakazi awe ameshiriki kweli.

Mfano ninaoupenda ni Kili Challenge ya mgodi wa dhahabu wa Geita, iliyoanza 2002. Watu hupanda Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, wakishirikiana na TACAIDS, tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI, na wafanyakazi wa mgodi wamo. Huo ni ushiriki wa jasho. Kumvisha mtu fulana ya kampuni asimame nyuma ya mfano wa hundi ni jambo jingine kabisa.

Ukiajiriwa mgodini, jua kwamba tangu mabadiliko ya 2017 Sheria ya Madini ya Tanzania inautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa CSR na kukubaliana na halmashauri. Zahanati na madarasa yatakuwa yameshaandikwa humo kabla fundi wako hajaulizwa lolote. Basi omba muda wake: fundi umeme akakague nyaya za zahanati hiyo, ndani ya saa za kazi. Jumamosi ya "kujitolea" kwa amri, bila malipo, huzaa kinyongo tu.

Na hapa nawasihi sana. Nimeona kampuni ikikabidhi madawati shuleni huku walinzi na wafanya usafi wake, walioletwa na wakala, hawajalipwa mshahara. Kantini haikuzungumzia madawati wiki ile. Kabla ya kupanga hafla yoyote, nenda kwa mhasibu uulize michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imepelekwa lini na nani anadai saa za ziada. Ukikuta malimbikizo, mwambie bosi hafla isogezwe mbele. Ni maneno magumu kwa mgeni kazini, lakini yaseme, kwa adabu na ukiwa na karatasi mkononi.

Kupima matokeo, dodoso la "umefurahi?" halitakusaidia sana. Hesabu waliorudi safari ya pili bila kuitwa, kisha waulize wasiorudi kwa nini.