Matandazo ya viazi yakae shambani muda gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hulima viazi mviringo kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, huku Njombe. Mwaka jana nilipanda mwezi Agosti, nikatandaza nyasi siku ile ile, kisha nikaziondoa zote wiki ya saba nilipopandishia udongo. Nilivuna viazi vidogo, na vingi vilikuwa vya kijani. Jirani yangu huziacha nyasi hadi karibu na kuvuna. Mwingine ananishauri nitumie nailoni nyeusi. Nimfuate nani?

JIBU: Mfuate jirani wa kwanza, ila usitandaze siku ya kupanda. Mwezi Agosti udongo wa mabondeni bado una baridi, na nyasi nzito huuzuia kupata jua, hivyo viazi huchelewa kuchomoza. Subiri mashina yafikie urefu wa kiganja, ndipo utandaze nyasi zisizo na mbegu kwa unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina ili unyevu usikae hapo. Usitandaze masalia ya viazi wala nyanya, kwani huleta magonjwa.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la wiki ya saba. Wakati huo ndipo mmea unapoweka na kunenepesha viazi, kazi inayohitaji maji mengi na udongo wenye joto la nyuzi 15 hadi 20 hivi. Joto hilo likikaribia 30, viazi huacha kuumbika hata kama majani yanapendeza. Wewe uliliacha tuta wazi mbele ya jua la kiangazi, likakauka na kupasuka, mwanga ukapenya kwenye nyufa na kuvigeuza viazi kuwa vya kijani. Hivyo usivile, kwa kuwa vina sumu. Unapopandishia udongo, zisogeze nyasi mferejini, inua tuta, kisha zirudishe siku hiyo hiyo.

Nailoni nyeusi hupasha udongo joto, ndiyo maana hufaa mwanzoni mwa msimu kwenye nchi za baridi kama kaskazini-magharibi mwa China; ikiachwa hadi viazi vinanenepa, joto lile lile huwa hasara. Kwako, penye nyasi za bure, sioni sababu ya kuinunua.

Nyasi ziondoe wiki mbili kabla ya kuvuna, unapokata majani, ili udongo ukauke na ganda likomae. Siku ya kuvuna, fukua kiazi kimoja ukisugue kwa dole gumba: ganda likichubuka, ngoja siku chache zaidi.