Kasuku wa Kuachiwa: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Hamjambo wahariri? Mpangaji wetu amehama na kutuachia kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kifua hakina manyoya hata moja. Tumeambiwa alizoea alizeti na ugali basi. Nina kuku wa mayai uani, na mparachichi unaozaa sana. Nianzie wapi?
Mama wa Njiro, Arusha

JIBU: Hatujambo, mama. Anzia kwenye huo mparachichi, maana ndio unaoweza kumuua mapema kuliko yote. Parachichi lina sumu iitwayo persini, inayoharibu misuli ya moyo wa ndege. Imo kwenye tunda, kokwa, ganda na majani. Kasuku aliyekula hujikunyata chini ya tundu akihema kwa shida, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna. Hata tawi la kukalia usimkatie hapo. Kata la mpera, unene wa sentimita 2.5 hadi 3.5, lisugue kwa maji na ulianike mpaka likauke. Liwe na vifundo. Mpini wa fagio, ambao ndio wengi huweka, ni laini na unene wake ni mmoja, hivyo nyayo hubanwa mahali palepale kila siku mpaka zinatoka vidonda.

Kuhusu kuku: kasuku anaweza kubeba mdondo, ugonjwa unaoua kuku, kwa muda mrefu bila kuonyesha dalili. Mtenge siku 30 kwa uchache, 45 ni bora, katika chumba chake mwenyewe. Hudumia kuku kwanza, kasuku baadaye, kisha nawa na kubadili nguo. Chini ya tundu tandika magazeti, usiweke maranda, ili uone kinyesi vizuri. Kinyesi cha kasuku mzima kina sehemu tatu: kijani au kahawia kilichoshikana, cheupe kama chokaa, na maji kidogo. Hicho cheupe kikigeuka kijani au njano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Unapoondoa magazeti yanyunyizie maji kwanza na uvae barakoa, kwa sababu vumbi la kinyesi kikavu huambukiza binadamu homa ya kasuku. Mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi, amwambie daktari kwamba anaishi na kasuku, asipoambiwa, hatafikiria.

Sasa nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Mpime kila asubuhi kabla hajala, uandike. Wengi wa aina hii wana gramu 400 hadi 500, lakini muhimu zaidi ni mwendo wa namba. Akipungua sehemu moja ya kumi, usingoje kesho. Pia mguse mfupa wa kati wa kifua: ukichomoza kama makali ya kisu, amekonda, hata kama kwa macho anaonekana mnene. Manyoya hudanganya.

Chakula ndipo watu wema wanapoharibu. Wanamwaga alizeti zote na kumwekea karoti, naye hajui kama karoti ni chakula. Anakaa na njaa akiitazama. Wiki ya kwanza mpe alichozoea. Wiki ya pili, asubuhi akiwa na njaa, mwekee karoti iliyoparuzwa, boga lililochemshwa, choroko zilizoota na maharage yaliyoiva kabisa, huku umenyunyizia alizeti chache juu ili achokore. Yatoe baada ya muda wa saa tatu, yasichache. Jioni mpe mbegu vijiko viwili vya chakula, ukipunguza robo kila wiki maadamu uzito haushuki. Huenda ikachukua miezi miwili. Mboga za rangi ya chungwa humrudishia vitamini A, ambayo alizeti karibu haina kabisa. Ikikosekana, pua huziba na kinywa hutoka vidonda. Pilipili kichaa mpe bila wasiwasi, ndege hawausikii ukali wake. Chumvi, kahawa, chokoleti na karanga zenye ukungu, hapana.

Kifua kitupu kina sababu nyingi, ila angalia kichwa. Kikiwa na manyoya yote, anajinyonyoa mwenyewe, kwani mdomo wake haufiki huko. Kichwa nacho kikiwa kitupu, fikiria ugonjwa au ndege mwenzake. Mnyunyizie maji ya uvuguvugu mara mbili tatu kwa wiki, mpe maboksi na majani ya mgomba ya kurarua, na umwache alale gizani kwa muda wa saa 10 hadi 12. Mashina ya manyoya yakiwa yameharibika, mengine hayataota tena.

Jambo la mwisho: toa taarifa mapema kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Biashara ya kimataifa ya kasuku hawa wa porini imepigwa marufuku tangu 2017, na hutaki kuulizwa umempata wapi.

SWALI: Shikamooni. Nimepewa cherero wawili, wale kasuku wadogo, wenye vichwa vya rangi ya chungwa. Niwaachie huru?
Kijana wa Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba. Usiwaachie. Kwao ni upande wa Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria, si Moshi, na aliyelelewa tunduni hajui mwewe. Wakitoroka huzaana na cherero wa aina nyingine, kama ilivyotokea Naivasha, Kenya. Watengenezee tundu la urefu wa mita moja, nafasi za waya zisizidi sentimita 1.2. Waya mpya wa mabati usugue kwa brashi na siki kwanza, kwa sababu vipande vya zinki wakivimeza huwaua.

SWALI: Julai hii baridi ilikuwa kali, tukaweka jiko la mkaa chumbani kwa ndege. Asubuhi tumemkuta amekufa. Kwa nini?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Pole. Ni hewa ya mkaa. Mapafu ya ndege huichukua haraka kuliko yetu, na nyinyi pia mlikuwa hatarini. Kikaango kisichoshika chakula, kikiachwa kitupu motoni, hutoa moshi unaoua vivyo hivyo. Ndege mzima, akikingwa upepo, huhimili baridi ya Arusha. Mgonjwa ndiye anayehitaji nyuzi 28 hadi 30: funika tundu pande tatu kwa kitenge, weka upande mmoja chupa ya lita moja ya maji ya moto iliyofungwa taulo, badilisha kila baada ya saa mbili. Balbu za siku hizi hazitoi joto la maana. Akiachama na kutanua mabawa, sogeza chupa.