Jibu: Shada la karafuu linatoka kingo mbili mbili

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Nimekufahamu hivi: umepiga shada moja la karafuu picha kadhaa, kila moja fokasi mahali pake, ili upate picha moja iliyo kali kote; lakini ukizipanga kwa align_image_stack (programu ya kulinganisha picha zikae sawasawa) na kuziunganisha kwa Enfuse (programu ya kuzichanganya ziwe moja), katikati panakuwa safi na pembeni kila karafuu ina kingo mbili.

Kwanza tazama kama umeweka -m kwenye amri ya align_image_stack. Fokasi ikisogea, lenzi nyingi hubadilisha kidogo na ukubwa wa kitu chenyewe. Bila ya -m programu inaisogeza na kuizungusha picha tu, haiikuzi wala haiipunguzi, ndiyo maana pembeni panakimbia. Ongeza na --use-given-order, maana toleo jipya huzipanga picha kwa mwanga, na zako zinatakiwa zifuatane kwa fokasi, mbele kwenda nyuma.

Kwenye Enfuse weka --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 --contrast-weight=1 --hard-mask. Hiyo ya mwisho usiiache: bila yake huchanganya penye ukungu na penye ukali, ukapata uji.

Bado? Basi shaka yangu ni upepo. Fungua picha mbili zinazofuatana, zigeuzegeuze; karafuu moja ikihama na jirani yake ikabaki, tawi limecheza, na hapo hakuna programu ya kukuokoa. Mie hukata kitawi nikakipiga ndani, karibu na dirisha. Mwenye shamba muombe kwanza, msimu huu watu wakali!