Mjomba anajibu: bundi wa barabarani, kinda wa bustanini, na mzee aliyepewa fagio

Mwezi huu barua zimejaa na karibu nusu yake ni za wanyama walioumia, sijui ndo msimu wa makinda au ni nyie mliohamia shamba juzi juzi mnaanza kuyaona yaliyokuwepo siku zote. Basi leo ni hao tu, wale wa visima na mipaka ya mashamba mnivumilie.

Mjomba shikamoo. Mi na mume wangu tulihamia shamba mwaka jana, na kila jumamosi tunafunga safari ya kutwa, tunafuata mto au tunapanda kilima, jioni tunarudi. Wiki tatu zilizopita tukiwa njiani kurudi, giza linaanza kuingia, tukamkuta bundi kakaa kando ya barabara, hakuruka hata gari liliposimama. Tukamfunga kwenye sweta, tukampeleka nyumbani, tukamnywesha maji kwa kijiko, tukamweka sebuleni kwenye kizimba cha paka. Alikuwa mtulivu kabisa, watoto wakawa wanamkuna kichwa na yeye anafumba macho. Asubuhi tukamkuta kafa. Mume wangu anasema angekufa tu. Tulikosea wapi? – Mwenye majuto

Marahaba mwanangu, na pole. Mumeo anaweza akawa sahihi, manake bundi aliyegongwa na gari mara nyingi anavuja damu ndani kwa ndani, ubongo umetikisika, na macho nayo yanaumia sana kwa sababu ni makubwa kupita kiasi, yamekaa kichwani kama mirija na hayazunguki hata kidogo, ndo maana anageuza shingo nzima. Kwahiyo hicho kifo usijibebeshe. Ila umeuliza mlikosea wapi, na sitakudanganya.

Kwanza ule utulivu. Ndege wa porini akitulia mkononi mwako ujue hajakuzoea, ameogopa mpaka ameganda. Kwake we ni jinyama limemkamata na anasubiri kuliwa, moyo unamwenda mbio, afu anashangaa mikono midogo inamshika kichwa, na yale macho aliyoyafumba hayakuwa ya raha. Hofu yenyewe tu inaua. Swala na ndege wa miguu mirefu kama korongo ndo wako hatarini zaidi, unaweza ukamkimbiza ukamkamata, ukamtibia jeraha vizuri kabisa, halafu akafa siku mbili tatu baadaye kwasababu misuli iliharibika kwenye zile purukushani za kukamatwa.

Pili maji. Siku nyingine daktari wa wanyama akimfungua ndege mdomo omba uchungulie, utaona kitundu hapohapo nyuma ya ulimi kinafunguka na kufunga, ile ndo njia ya hewa. Ukimmiminia maji kwa kijiko ndege aliyelegea yanaingia humo yanakwenda mapafuni. Na chakula vilevile hapana, mnyama aliyepoa mwili na kuishiwa maji anatakiwa apate joto kwanza, baadaye maji kwa njia ya daktari, chakula ndo mwisho kabisa.

Sasa siku ingine mfanye hivi. Boksi la kawaida, linalomtosha bila nafasi ya kupigapiga mabawa, matundu mtoboe kabla hajaingia (nimeshaona mtu anatoboa na bisibisi ndege yuko ndani!), chini taulo asiteleze. Mrushieni taulo lingine juu afunikwe kichwa na mwili wote, akikosa kuona anapunguza vurugu, mmshike na mabawa yakiwa yamebanwa, ndani, funga. Redio ya gari zima, watoto waelezwe wasifunguefungue. Pigeni simu kwa daktari wa wanyama au kituo cha uokoaji cha huko mliko hata kabla hamjaondoka hapo barabarani, na muandike mahali mlipomkuta, manake akipona anarudishwa palepale, ndo anapojua pa kuwinda na pa kulala.

Na mikono! Watu wanaogopa mdomo wa bundi na wa mwewe wakati silaha yao ni kucha. Mi mwewe alishanishika kidole gumba, nilikuwa nimevaa glovu za bustani nikajiona nimejikinga, ukucha ukapita glovu ukapita ngozi, na kadri nilivyokuwa navuta mkono ndivyo alivyozidi kukaza. Mama mmoja mzoefu akaja taratibu wala hakuhangaika na vidole vyake, alimnyoosha mguu tu, kumbe mguu wa ndege wa mawindo ukikunjwa vidole vinajibana na ukinyooshwa vinaachia. Kidole kilivimba wiki nzima. Korongo na kulasitara ndo kinyume chake, hao mdomo unalenga macho yako, kwahiyo kichwa kidhibitiwe kwanza na uso wako uwe mbali.

Kwa hizo jumamosi zenu wekeni garini boksi lililokunjwa, taulo mbili kuukuu na glovu nene. Inatosha.

Mjomba, wanangu wamemwokota kinda bustanini, ana manyoya lakini hajui kuruka. Tumempa mkate uliolowekwa maziwa. Jirani anasema mama yake hatamtaka tena akishanusa mkono wa mtu. Tumlee wenyewe? – Baba watatu

Mrudisheni leo hii. Huyo ana manyoya, mkia bado mfupi, anarukaruka chini, ametoka kwenye kiota kwa hiari yake na ndo anajifunza, wazazi wako karibu wanamletea chakula na sasa hivi wanamtafuta. Mambo ya kunusa mkono ni maneno ya watu tu, ndege hamtupi mwanae eti kwa kuwa alishikwa. Mwekeni kichakani karibu na alipookotwa, ingieni ndani, chungulieni dirishani, na msikae pale chini ya mti mkisubiri mama aje, hatakuja mkiwepo.

Angekuwa hana manyoya ningekwambia umrudishe kiotani, na kiota kikiwa kimeanguka funga kikapu kidogo kinachopitisha maji kwenye mti uleule. Maziwa acheni kabisa, ndege hana uwezo wa kuyameng'enya anaishia kuharisha, na mkate unamjaza tumbo bila kumjenga. Ila kama paka wenu ndo alikuwa naye mdomoni hesabu zinabadilika, hata kama unaona katundu kadogo tu, mate ya paka yana bakteria wabaya, huyo aende kwa daktari siku hiyohiyo apate dawa. Na paka akae ndani siku mbili tatu.

Popo kanasa kwenye seng'enge ya shamba letu, yuko hai. Namtoaje? – Mwenye haraka

Usimtoe kwa kumvuta, bawa lake ni ngozi nyembamba, litachanika. Piga simu upate mtu aliyechanjwa kichaa cha mbwa, we kazi yako ni kumfunika na kitambaa akae gizani na kumkinga na jua. Ikibidi, anayekuja atakata waya pande zote mbili na ataondoka na popo na kipande cha waya wake. Usimguse na mikono mitupu hata kidogo. Akikung'ata wewe au mwanao, au mnyama yeyote wa kunyonyesha wa porini akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 afu hospitali moja kwa moja ukachanjwe, usisubiri uone itakuwaje, manake huo ugonjwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona.

Mjomba, nakuita hivyo ingawa nadhani nakuzidi umri. Nimestaafu, nimerudi shamba, nikaenda kujitolea kwenye kituo cha wanyama walioumia, saa nzima njiani kwenda na saa nzima kurudi. Siku ya kwanza nikapewa fagio. Ya pili fagio. Ya tatu nikaosha bakuli. Kuna mtoto wa bundi pale, nikaomba nimlishe, msichana mdogo kabisa akaniambia hapana na wala hakueleza. Niendelee kweli? – Mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Kutokuelezwa hapo una haki ya kulalamika, mtu mzima anaelezwa. Ila fagio ndo kazi yenyewe. Mi mwaka wangu wa kwanza wote ulikuwa kinyesi, magazeti ya kutandika na bakuli, kwasababu vizimba vichafu vinaeneza magonjwa na mgonjwa aliyeumia bawa anaweza akafa na fangasi ya mapafu badala ya lile bawa.

Kuhusu mtoto wa bundi yule msichana yuko sahihi. Kinda akilelewa na nyuso za watu anakuja kudhani yeye ni mtu, na akishakua anamfuata binadamu yeyote kudai chakula, hatafuti mwenzake, porini haendi tena. Konrad Lorenz, yule Mwaustria mtaalamu wa tabia za wanyama aliyepata Nobel mwaka 1973, vifaranga vya bata bukini vilikuwa vinamfuata kila aendako kama mama yao kwakuwa yeye ndo walimwona kwanza. Ndo maana utawaona wanalisha makinda wamejifunika uso na hawaongei neno.

Endelea, ila omba waziwazi kazi ya mizani, mzee mwenye mkono usiotetemeka na mwandiko unaosomeka wanamhitaji sana pale. Kila asubuhi mgonjwa anapimwa uzito akiwa ndani ya kimfuko cha kitambaa, unatoa uzito wa kimfuko, unaandika, na ile gramu tano iliyopungua tangu jana we ndo utakuwa wa kwanza kuiona kabla ya daktari. Na vaa viatu vya mpira, sakafu zile huwa hazikauki.